Sahani ya Baba Yako Isiyo na Chumvi

Divina, mwanangu,

Kuna sauti moja ambayo sijaweza kuitoa kichwani. Ni sauti ya ngozi ya nguruwe iliyokaangwa mara mbili, ikivunjika kati ya meno. Niliisikia kupitia kioo cha gari kilichoteremshwa kidogo, kwenye maegesho ya hapa kwetu Alief, Houston, siku niliyotoka kazini mapema kwa sababu kompyuta za kliniki ziligoma. Wewe ulikuwa kiti cha mbele, umekunja miguu. Baba yako alikuwa ameweka mfuko wa karatasi mapajani, mafuta yameuloanisha mpaka vidole vyake vinaonekana upande wa pili. Mlikuwa mnacheka. Halafu mkaniona. Mliacha kutafuna wote wawili kwa pamoja, mashavu yamejaa, na baba yako akakunja mdomo wa ule mfuko taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Nadhani nilitabasamu. Lakini alipoingia ndani nilimfunga mkononi kile kipimo cha presha kabla hajavua viatu.

Kesho asubuhi shangazi yako anakuja kukuchukua. Sitakuandikia kuhusu soksi, mswaki wala saa ya kulala. Hayo nimeyasema mpaka umejua kuyasema kwa sauti yangu na kuwachekesha wenzako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu miaka yote hii nimekusemesha kwa Kiswahili nawe ukanijibu kwa Kiingereza, na tumeelewana. Utasoma polepole. Ndivyo ninavyotaka usome.

Wewe unajua jinsi mambo yalivyo, lakini sijawahi kukueleza kwa utulivu, kwa hiyo nikueleze sasa. Mama aliyekuzaa alifariki ukiwa mchanga. Nilipoolewa na baba yako ulikuwa na miaka sita, mimi ishirini na sita. Kisheria mimi ni mke wa baba yako, basi. Tulikuwa tuandikishe kwamba wewe ni mwanangu. Tukasema mwaka ujao, na mwaka ujao ukaja bila yeye. Manang Pacing, huyo shangazi yako, akaenda mahakamani kuomba ukaishi kwake Irving. (Manang ni dada mkubwa kwa Kiilokano, lugha ya kwao baba yako. Nilimwita hivyo kwa kuwa baba yako alimwita hivyo.) Nami nikaweka pingamizi. Tulivyopanga, kesho unakwenda kwa likizo ya kiangazi tu, na kabla shule hazijafunguliwa jaji alikuwa akuulize unataka kuishi na nani.

Umeshaniambia ungemjibu nini. Ulikuwa umenipa mgongo, unaosha vyombo. Ulisema, ukiniita shangazi kama wanavyosema kwao baba yako, "Nitabaki na wewe, Tita. Utakula na nani?"

Nililibeba swali hilo chumbani kwangu na nikakaa nalo kitandani muda mrefu. Halikunifariji kama ulivyokusudia.

Ngoja nikuambie nilivyokuwa kabla yenu. Nimekulia Same, Upareni, nyumba ya Wasabato. Babu yako wa huko ni mzee wa kanisa. Kwetu nguruwe haliwi, damu hailiwi, kahawa hainywewi, na hakuna aliyeona kwamba ananyimwa kitu. Nilikuwa mtoto anayependa kujua sababu ya kila katazo, na nilipokwenda chuo nikapata masomo yenye sababu kwa kila katazo: lishe. Nikaja Houston kuongeza shahada, nikaajiriwa kliniki ya wagonjwa wa figo, kazi yangu ikawa kukaa na mtu mezani na kumwambia asile nini. Nilikuwa hodari. Watu walitoka kwangu wameelewa, na wengine walitoka wanalia.

Baba yako alikuwa muuguzi palepale. Siku ya kwanza tuliyokula pamoja chumba cha wafanyakazi aliniuliza, "Kwenu mnakula nini?" Nikaona haya kusema makande, nikamwambia mlenda. Akataka nimweleze. Nikamweleza: majani ya kijani, ukiyapika yanateleza, yanavutika kama uzi ukinyanyua tonge.

"Yana mashina mekundu kidogo?"

"Ndiyo."

"Saluyot!" Akapiga meza, mpaka daktari mmoja akageuka. "Hiyo ni saluyot! Umevuka bahari mbili kuja kuniambia unakula majani ya mama yangu!"

Jioni ileile alinipeleka duka la Wavietnamu barabara ya Bellaire, akachimbua friza mpaka akaipata, pakiti ngumu kama tofali. Karibu nayo palikuwa na majani ya mlonge, ambayo kwao ni marunggay, na rafu ya mboga ilikuwa na karela, ile mboga chungu kama dawa, ambayo kwao ni parya. Nilisimama pale na kapu nikahisi kwamba kuna mtu aliyejua nyumbani kwetu kabla hajanijua mimi. Nikampenda kwa hilo. Sijui kama ni sababu nzuri ya kumpenda mtu, lakini sijawahi kuona aibu nayo.

Kwa hiyo ukiwa Irving, chakula cha kwanza ninachokusihi usikikatae ni dinengdeng. Ni mchuzi mwepesi wa mboga, saluyot au marunggay au maua ya maboga, na juu yake kipande cha samaki wa kuchoma. Unaonekana kama maji ya kuoshea majani. Kinachoushika pamoja ni bagoong, yaani dagaa waliovundikwa kwa chumvi kwenye mtungi mpaka wakawa rojo ya kijivu. Bagoong inanuka. Hakuna haja ya kukudanganya. Lakini dagaa ni samaki wenye magamba, kwa hiyo mimi sikuwa na kisingizio cha dini. Nilikuwa na kisingizio cha kazi.

Ulikuwa na miaka tisa presha ya baba yako ilipopanda. Nilijua la kufanya. Ndiyo ubaya wenyewe, Divina: nilijua kweli. Nilianza na mtungi wa bagoong, nikaumwagia chooni na kusukuma maji mara tatu, halafu nikaosha mtungi na kupandia vitunguu vya majani. Ikafuata ngozi ya nguruwe, ile bagnet. Ikafuata siki ya miwa aliyokuwa akichovyea kila kitu, siyo kwa sababu ina madhara bali kwa sababu ilimfanya atake vingine. Nilimwondolea kimoja kimoja, kwa upole. Nilimchorea picha za mishipa ya damu. Alikubali kila nilichosema. Baba yako hakuwa mtu wa kugombana. Alikuwa mtu wa kwenda kukaa kwenye gari.

Na wewe ulijifunza kutoka kwetu sote wawili. Kwangu ulijifunza kusoma nyuma ya kopo kabla ya kulifungua, na kwake ulijifunza kujificha.

Siku aliyoanguka, kipimo cha asubuhi kilikuwa kizuri. Nilimwonyesha namba na nikambusu utosini, nikajivunia. Alipata kiharusi akiwa amesimama kando ya kitanda cha mgonjwa, amemshika mkono. Mgonjwa ndiye aliyepiga kengele. Daktari aliniambia baadaye kwamba jambo kama hilo lingeweza kutokea hata angekula nini. Alikusudia kunipa nafuu. Lakini sikia alichosema: hata angekula nini.

Yaliyotokea siku ya tisa baada ya kifo chake uliyaona, ila hukuelewa, kwa maana hakuna aliyekueleza. Waliokuja kutoka Irving walitaka kusali rozari hapa kwetu, nami nikakubali, ingawa Msabato hasali rozari na haamini kwamba aliyekufa anajua lolote. Manang alinipigia simu mapema: "Usisahau atang." Nikamuuliza atang ni nini. Akasema ni sahani ya marehemu. Unampakulia kabla ya mtu yeyote kula, unaiweka mbele ya picha yake, na haiguswi mpaka sala ziishe. "Mpikie alichokipenda," akasema.

Nilitaka kuifanya vizuri. Nilikaa na hofu siku nzima kwamba nitakosea, kuwa mishumaa itakuwa siyo, kitambaa kitakuwa siyo. Nikampikia kifua cha kuku cha kuchemsha, wali wa mchele usiokobolewa na brokoli ya mvuke. Nikaiweka sahani mbele ya picha yake, nikaigeuza kidogo ili kuku aelekee kwake, nami nikarudi nyuma kuiangalia, nimeridhika.

Manang aliingia na sufuria zake, akaiona. Aliinama karibu na sahani, akanusa. Akachovya ncha ya kidole kwenye wali, akaonja, jambo ambalo wao hawafanyi kamwe.

"Hakuna chumvi," akasema.

Kwa kweli sikuwa nimefikiria. Mikono yangu ilikuwa imepika tu kama ilivyozoea.

"Hata sasa, Nakiete?" Hakupaza sauti. "Amekwisha kufa. Hata sasa unampimia?"

Halafu akasema lile ulilolisikia, na ambalo nadhani ndilo unalojaribu kunilinda dhidi yake: "Mdogo wangu amekufa na njaa katika nyumba hii."

Nilimchukia kwa maneno hayo. Nilimchukia kwa bidii, kila asubuhi, kama mtu anayefanya mazoezi. Pingamizi mahakamani niliweka kwa sababu yako, lakini niseme kweli, niliweka pia kwa sababu ya wali ule. Nilitaka mtu mwenye joho aseme kwamba nyumba yangu haikuwa na njaa.

Kisha ikaja Krismasi, tukaenda Irving kwa sababu wakili alisema itaonekana vibaya nikikataa. Unakumbuka Manang alivyochinjisha mbuzi kwenye shamba la rafiki yake, akarudi amemkumbatia kama mtoto? Alikuwa ametenga nyongo kwenye kikombe. Mimi nilikulia mahali ambapo nyongo ikipasuka watu wanapiga kelele, nyama inaoshwa na kuoshwa, na mchinjaji anatukanwa mpaka jioni. Nikamwona anaimimina kwenye supu kwa makusudi, anaonja, anaongeza tena.

"Manang, hiyo ni nyongo!"

"Sasa je? Unadhani ni juisi ya chungwa?" Wanawe wakacheka. "Hii ndiyo pinapaitan. Isipokuwa chungu umempotezea mbuzi maisha yake bure."

Mbuzi ni halali kwetu, utumbo wake pia. Nikanywa kijiko kimoja. Uchungu ule haukai kwenye ulimi. Unashuka, unafika mahali, unakaa. Nilikunja uso na wewe ukacheka, kicheko cha mdomo wazi nilichokuwa sijakisikia tangu maegesho yale. Ukanyoosha bakuli lako. Ukala kwa mkono kama binamu zako, ukanyonya mfupa. Nami nikajisahau nikafurahi.

Halafu Manang akaleta sinia ya nyanya zilizokatwa, vitunguu vidogo vyekundu na kijiko cha bagoong juu yake. Wao huita kwa majina ya vitu vyenyewe: kamatis, bagoong, lasona. Mtu wa kwetu angeiita kachumbari na asingekosea sana. Mkono wako ulikwenda, ukasimama angani. Ukageuka ukanitazama mimi, ng'ambo ya meza, katikati ya watu wote wale.

"Inaruhusiwa?"

Manang aliweka upawa chini. Hakuniangalia kwa ushindi, Divina. Ningeweza kuvumilia ushindi. Alikutazama wewe, na macho yake yakajaa maji, akaingia jikoni na kufungua bomba la maji bila kuosha chochote.

Wewe huna presha. Una miaka kumi na mitatu, mifupa tu na nywele. Hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kukukataza nyanya. Uliuliza kwa sababu umejifunza kwamba nafasi yako katika nyumba yangu iko ndani ya swali hilo, na kwamba mimi nikiwa na jibu ninatulia. Unanitunza kwa kuniachia nikukataze. Baba yako alikuwa akifanya vivyo hivyo.

Sijui nimeelewa lini kwamba kujua jambo na kumlisha mtu ni kazi mbili. Nilizifanya kuwa moja kwa sababu ile ya kwanza niliiweza na ya pili iliniogopesha. Mtu anayekula mbele yako anakuonyesha anachokitaka, na mtu akikitaka kitu anaweza kukifuata mbali nawe. Mtu anayefuata ushauri wako hakuonyeshi kitu. Niliwapenda nyote wawili mkiwa hamnionyeshi kitu. Ukikua ukajikuta umemshika mtu namna hiyo, utaiona mapema kuliko nilivyoiona mimi, kwa sababu ulikuwa upande wa pili wa meza.

Basi onja. Onja pinakbet siku Manang anapoipika, usimame karibu na jiko. Karela, biringani, bamia na maboga, vinasinyaa pamoja chunguni. Atakuzuia usikoroge, mboga zisipondeke. Wao hushika chungu kwa mikono miwili na kukirusha kidogo, mboga zinageuka zenyewe. Baba yako aliwahi kunionyesha, nikamwambia mwiko ni rahisi zaidi. Onja igado, maini na nyama iliyokatwa vipande vyembamba kwenye siki. Mimi siwezi kukusimulia ladha yake kwa kuwa ni ya nguruwe na sijaigusa wala sitaigusa. Hiyo ni imani yangu na sijutii. Imani yangu haikuwahi kuwa yako, nami nilikuachia uibebe kwa sababu ilirahisisha friji. Onja na bagnet. Ila usiile kwenye gari. Ile mezani, na watu.

Na ukichukia kitu, kichukie kwa sauti. Sema ni kibaya. Manang atakutukana kwa Kiilokano na atakupa kingine.

Najua utakachofanya ukimaliza kusoma hapa. Utapiga simu useme uko sawa, utaniuliza nimekula nini. Nitakujibu ukweli. Kuhusu swali lako la siku ile ukiosha vyombo: nitakula peke yangu, kama wanavyokula wanawake wengi wa umri wangu katika mji huu, mbele ya televisheni, na wakati mwingine kwa rafiki yangu Upendo kule Stafford. Siyo kazi ya mtoto kuhakikisha mtu mzima ana mwenzake mezani. Niliiacha iwe kazi yako kwa muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Upendo ananiona mwendawazimu. Nilipomwambia ninachotaka kufanya alipiga kelele kwenye simu. "Shoga, usi-sign kitu! Nita-drive sasa hivi nije nikunyang'anye hiyo kalamu. Mtoto mwenyewe amekuchagua, wewe unamrudishia kama nguo ya dukani?"

"Hajanichagua, Upendo. Amenihurumia."

"Sasa si ndivyo watoto wanavyopenda mama zao? Wewe ulimpendaje wa kwako?"

Pengine yeye ndiye aliyeona sawa. Pengine ukiwa mkubwa utaniambia kwamba ulinichagua kweli, na kwamba nilikuacha ulipokuwa umeshika vizuri. Nitakaa nalo hilo. Nimejaribu kulipima kwa kila namna ninayoijua, na kupima ndiko kulikotufikisha hapa.

Jumatatu nilikwenda kwa wakili nikaondoa pingamizi. Aliniuliza mara mbili kama nimeelewa, akasema tulikuwa na nafasi nzuri. Nikasema nimeelewa. Nilipaswa kukuambia kwa mdomo, na jioni hii nimekuja mlangoni kwako mara kadhaa. Ulikuwa unafunga begi, unaimba. Ungelia, nami ningebadilika, kwa hiyo nimeandika.

Jana nikampigia Manang nikamwambia akuandikishe shule huko Irving, kwamba hutarudi mwisho wa kiangazi, na kwamba nitakuja Jumapili ukitaka nije. Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru. Akauliza ukubwa wa viatu vyako, nikamtajia. Akauliza kama unalala na taa, nikamwambia huzimi ya ukumbini. Kisha akauliza unapenda kula nini asubuhi.

Nilifungua mdomo. Najua nilichokuwa nakupa kila siku kwa miaka saba, kwa gramu. Nikamwambia sijui, akuulize mwenyewe.

Nakiete